Akili Mbele ya Sheria: Mafunzo ya Uzamili Yanayohitajika Kitale na Bungoma

Kila wiki ya kazi, mahakama za Kitale na Bungoma huamua mambo ambayo kwa asili yake ni ya saikolojia, ingawa hayaandikwi hivyo katika majalada: kama mshtakiwa wa mauaji ana akili timamu kiasi cha kujibu mashtaka, kama mtoto wa miaka saba anafahamu wajibu wa kusema kweli, kama shahidi aliyemtambua mvamizi kwa mwanga wa tochi anaweza kutegemewa, na kama kijana anayengoja hukumu anaelekea kurekebika akirudishwa kwao. Maamuzi hayo huangukia mikononi mwa mahakimu, majaji, maafisa wa polisi, madaktari na maafisa wa probesheni, watu ambao kila mmoja alifunzwa kazi yake, lakini mitaala ya kazi hizo haikukusudiwa kueleza kwa kina namna akili ya binadamu inavyofanya kazi inapokutana na sheria. Mazungumzo haya yanahusu pengo hilo, pamoja na aina ya mafunzo ya uzamili yanayoweza kuliziba na mahali yanapostahili kutolewa.

Taaluma yenyewe ina matawi mawili yanayokaribiana na ambayo mara nyingi huchanganywa. Saikolojia ya sheria huchunguza watu wanapoingia katika mchakato wa haki: jinsi shahidi anavyokumbuka na kusahau, jinsi mahojiano ya polisi yanavyoweza kuutoa ukweli au kuuharibu, jinsi mtu asiye na hatia anavyofikia kukiri kosa ambalo hakulitenda, na jinsi hakimu mwenyewe anavyopima ushahidi. Saikolojia ya mahakama, kwa upande wake, humwelekea mtu mmoja mmoja aliye mbele ya sheria, ikapima hali ya akili yake, uwezekano wa kurudia kosa, madhara aliyopata mwathiriwa na urekebishaji unaofaa. Mizizi ya tawi la kwanza iko katika Ulaya ya mwanzoni mwa karne ya 20, ambako Mjerumani William Stern alionyesha kwa majaribio kwamba kumbukumbu isiyo na kosa ni jambo la nadra, na mwaka 1908 Hugo Münsterberg, aliyekuwa akifundisha Harvard, akachapisha kitabu cha kuwahimiza wanasheria wa Marekani wayasikilize matokeo ya namna hiyo. Tawi la pili lilikulia hospitalini na gerezani. Leo vyuo vikuu vya Maastricht nchini Uholanzi, Gothenburg nchini Sweden na Portsmouth nchini Uingereza vimeshirikiana kuendesha shahada ya uzamivu ya saikolojia ya sheria, na nchini Uingereza jina la mwanasaikolojia wa mahakama linalindwa kisheria tangu 2009, hivi kwamba shahada ya uzamili peke yake haimpi mtu ruhusa ya kulitumia mpaka apitie kipindi kirefu cha kazi chini ya usimamizi.

Wakazi wa Bungoma wana sababu yao ya kihistoria ya kuitazama taaluma hii kwa makini. Katikati ya miaka ya 1940, Elijah Masinde wa Kimilili, mchezaji kandanda mashuhuri aliyekuja kuwa kiongozi wa Dini ya Msambwa na kuwataka watu wake wakatae amri za wakoloni, alitiwa mbaroni, na safari yake ikaishia katika hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi. Kwa serikali ya wakati ule hatua hiyo ilikuwa na manufaa kuliko kifungo cha kawaida, kwa kuwa mfungwa wa kisiasa huacha hoja zake nyuma yake zikiendelea kuzungumzwa, ilhali mtu aliyetangazwa kuwa mwendawazimu hunyang'anywa hata hoja. Alipoachiliwa alirudi kuhubiri. Mnamo Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa dini hiyo huko Malakisi na kuua watu 11, dini ikapigwa marufuku mwaka huohuo, na Masinde akapelekwa kizuizini Lamu, huku walowezi waliokuwa na mashamba kuizunguka Kitale wakiwa na hofu ya kuenea kwa mafundisho yake miongoni mwa vibarua wao.

Hospitali ya Mathari katika miaka hiyo ilikuwa chini ya daktari J. C. Carothers, aliyeiongoza tangu 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alidai kwamba Mwafrika huitumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo, akamlinganisha na Mzungu aliyepasuliwa sehemu hiyo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikachapisha maandishi yake mengine, yaliyoieleza Mau Mau kwa lugha ya maradhi ya nafsi pale ambapo wapiganaji wenyewe walikuwa wakizungumzia ardhi na uhuru. Hakuna somo la maadili ya kazi lililo zito kuliko hili kwa mwanafunzi wa uzamili wa leo, na ni hasara kubwa iwapo atazisoma kwa kina kesi za London na Massachusetts bila kufundishwa kesi ya Masinde, ambayo ndani yake yamo maswali yote ya msingi: ni nani aliyemtuma mtaalamu, mtaalamu alitumia kipimo gani, aliifahamu kwa kiasi gani lugha na imani ya mtu aliyempima, na mtu huyo alipewa nafasi gani ya kuipinga taarifa iliyoandikwa juu yake.

Maswali hayo hayajaisha kwa kuondoka kwa mkoloni. Kwa desturi ya mahakama za Kenya, mshtakiwa wa mauaji hupelekwa hospitali kupimwa akili kabla ya kujibu mashtaka, na taarifa inayorejea katika jalada huweza kuwa fupi mno: ukurasa mmoja wenye muhuri, jina, umri, tarehe ya uchunguzi na sentensi inayosema kwamba mtu huyo anaweza kujibu mashtaka. Sentensi hiyo hujibu swali moja tu kati ya mawili ambayo sheria huyatenganisha. Swali la kwanza, lililomo katika kifungu cha 162 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, ni kama mshtakiwa leo anaelewa kinachoendelea mahakamani na anaweza kujitetea. Swali la pili, lililomo katika kifungu cha 12 cha Kanuni ya Adhabu, ni kama siku ya tukio ugonjwa wa akili ulimzuia kuelewa alichokuwa akikitenda au kujua kwamba hapaswi kukitenda, na kanuni hiyo ina asili yake katika kesi ya Daniel M'Naghten, aliyemuua katibu binafsi wa Waziri Mkuu wa Uingereza mwaka 1843. Mtu anaweza kuwa mgonjwa sana siku ya tukio na kupata nafuu kamili baada ya miezi mitatu ya dawa akiwa rumande. Kumpima leo na kuandika kwamba ni mzima hakusemi lolote kuhusu siku ile, na mtaalamu anayetaka kuijua siku ile hana budi kurudi nyuma: azungumze na jamaa wa mshtakiwa, asome kumbukumbu za zahanati, aulize alikuwa akilala vipi na kula vipi katika wiki zilizotangulia, kisha aeleze bayana ni wapi ushahidi wake unaishia na wapi dhana inaanzia.

Uzito wa kazi hiyo unaonekana zaidi katika matokeo yake. Kifungu cha 166 cha sheria hiyohiyo ya utaratibu kiliruhusu mtu aliyeonekana kuwa alitenda kosa akiwa na maradhi ya akili azuiliwe kwa radhi ya Rais, yaani bila kikomo kinachojulikana, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kisumu ilitamka kwamba kumwachia mtendaji wa serikali uamuzi wa muda ambao mtu atazuiliwa ni kinyume cha Katiba. Mahakama inapolichukua jukumu hilo itahitaji, mara kwa mara na kwa kila mgonjwa, mtu wa kuieleza kama hatari imepungua na ni uangalizi gani unaotosha. Hali kadhalika, tangu Mahakama ya Juu ilipoamua katika kesi ya Muruatetu, Desemba 2017, kwamba hukumu ya lazima ya kifo kwa kosa la mauaji haipatani na Katiba, majaji wamepewa nafasi ya kuangalia majuto ya mfungwa na uwezekano wa kurekebika kwake, mambo ambayo afisa wa probesheni huyaandikia taarifa kwa uaminifu, lakini ambayo yana mbinu zake za upimaji zinazostahili kufundishwa.

Sehemu ambayo mafunzo yangeleta faida ya haraka zaidi ni ushahidi wa watoto. Kabla mtoto mdogo hajatoa ushahidi, mahakama humuuliza maswali ya kupima kama ana akili ya kutosha na kama anauelewa wajibu wa kusema kweli. Anaulizwa jina lake, shule yake, darasa lake, kanisa au msikiti anakokwenda. Halafu anaulizwa uongo ni nini, na mtu akisema uongo hupatwa na nini. Mtoto hunong'ona kwamba atachapwa, au kwamba atachomwa moto na Mungu, jibu likaandikwa neno kwa neno katika kumbukumbu za mahakama, na mara nyingine kesi nzima ya rufaa ikaja kuegemea mistari hiyo michache. Utafiti wa saikolojia ya watoto umeonyesha kwamba ufasaha wa mtoto katika kueleza maana ya uongo hautabiri kama atasema kweli, ilhali kuahidi kwa maneno mepesi kwamba atasema kweli humsaidia kufanya hivyo. Ndiyo maana Kanada ilibadilisha sheria yake, na tangu 2006 mtoto wa huko hutakiwa kuahidi tu, bila kuhojiwa kama anaielewa ahadi yenyewe.

Sheria ya Kenya imekwisha kuwaamini watoto kuliko watu wengi wanavyodhani. Katika kesi za makosa ya ngono, kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiwa imeridhika kwamba mtoto anasema kweli na imeandika sababu za kuridhika huko, na Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inaruhusu shahidi aliye katika hali dhaifu atoe ushahidi kupitia kwa msaidizi anayemfikishia maswali kwa lugha anayoielewa. Nayo Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kijinai kutoka miaka 8 hadi 12, ikaongeza kwamba mtoto aliye kati ya miaka 12 na 14 huchukuliwa kuwa hana uwezo wa kutenda kosa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ni nani atakayethibitisha, na kwa kipimo gani? Fomu ya P3 inayojazwa hospitalini huelezea hasa majeraha ya mwili. Haina nafasi ya kutosha ya kueleza kwa nini binti amenyamaza kwa miezi minne, au kwa nini simulizi yake ya kituoni haikufanana kabisa na ile ya mahakamani, jambo ambalo wakili wa utetezi hulitaja kuwa dalili ya uongo ingawa kumbukumbu ya mtu mkweli nayo hubadilika inapoulizwa kwa namna tofauti.

Kuhusu kumbukumbu kwa jumla, mahakama za Afrika Mashariki zilianza zamani kuwa na tahadhari. Katika kesi ya Abdalla bin Wendo ya mwaka 1953, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilionya kwamba utambuzi uliofanywa na shahidi mmoja katika mazingira magumu lazima upimwe kwa uangalifu mkubwa, na onyo hilo linatajwa mpaka leo. Saikolojia imeongeza maelezo ya sababu. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer walionyesha watu filamu ya ajali ya barabarani, wakawauliza kuhusu mwendo wa magari, na ikaonekana kwamba wale walioulizwa kwa kitenzi kikali cha kuseta walikadiria mwendo mkubwa kuliko walioulizwa kwa kitenzi cha upole cha kugusana, ijapokuwa wote walikuwa wametazama filamu ileile. Afisa anayeandika maelezo ya shahidi huko Kiminini au Chwele na kuuliza kama mvamizi alikuwa na koti jeusi au la kijivu amekwisha kumpa shahidi koti ambalo pengine hakuliona.

Lakini elimu hiyo ya ng'ambo haiwezi kuhamishwa hapa jinsi ilivyo, na hili ndilo jambo ambalo mipango mingi ya mafunzo hulipita haraka. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, ililazimika katika hukumu ya Akayesu ya mwaka 1998 kumsikiliza mtaalamu wa isimu, Mathias Ruzindana, ili ielewe kwa nini mashahidi walishindwa kutaja tarehe, saa na umbali kwa namna ambayo mawakili waliitarajia, na ikakubali kwamba ugumu huo ulitokana na utamaduni na mateso waliyoyapitia, wala haukuwa ushahidi wa udanganyifu. Mwaka 2020 Nkansah Anakwah na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha mashahidi wa Ghana na wa Uholanzi, wakakuta kwamba Waholanzi walitoa maelezo mengi zaidi kuhusu tukio lilelile. Mkulima wa Trans Nzoia anayeeleza kwamba wizi ulitokea wakati wa palizi ya pili, jioni ng'ombe walipokuwa wakirudi, ametoa wakati ulio wazi kwa kila jirani yake, na hakimu aliyezoea mashahidi wa namna hiyo atauelewa. Hatari inakuja pale kipimo cha uaminifu wa shahidi kinapokuwa wingi wa tarakimu katika maelezo yake. Vivyo hivyo, lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na maneno ya shahidi wa Kibukusu, Kisabaoti au Kiturkana hufika kwenye jalada kwa njia ya mkalimani, ambaye mwanasaikolojia anapaswa kuifahamu kazi yake kama sehemu ya kumbukumbu inayochunguzwa.

Kisha kuna Mlima Elgon. Kati ya 2006 na 2008 mzozo wa ardhi ya makazi ya Chepyuk ulizaa kundi la wanamgambo la SLDF, lililoua, kubaka na kukata watu masikio, na Machi 2008 serikali ikapeleka jeshi katika Operesheni Okoa Maisha, ambayo nayo mashirika ya haki za binadamu yaliishutumu kwa kuwatesa wanaume waliokusanywa katika kambi ya Kapkota, baadhi yao wakafikishwa katika mahakama ya Bungoma wakiwa na alama za kipigo mwilini. Kitengo huru cha madaktari na wanasheria, IMLU, kilipeleka shauri katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki mwaka 2010. Divisheni ya mwanzo ikakubali kulisikiliza, lakini Machi 2012 divisheni ya rufaa ikaamua kwamba lilikuwa limepita muda, kwa kuwa mkataba wa Jumuiya unatoa miezi miwili tu. Mtu aliyeteswa mara nyingi hawezi kusimulia yaliyompata ndani ya miezi miwili, na sababu zake zinajulikana vizuri katika saikolojia: hofu, aibu, kukwepa kila kinachomkumbusha tukio, na kumbukumbu inayorudi vipande vipande. Itifaki ya Istanbul ya mwaka 1999, iliyorekebishwa 2022, inaeleza jinsi ya kurekodi dalili hizo za nafsi sambamba na makovu ya mwili, na Sheria ya Kuzuia Mateso ya Kenya ya 2017 imefungua njia ya kuzitumia mahakamani. Kuna familia za Kopsiro na Cheptais ambazo bado zingefaidika na mtu aliyefunzwa kuitumia itifaki hiyo kwa lugha yao.

Ni mafunzo gani basi? Msingi wa kisheria upo, kwa kuwa Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 iliunda bodi ya kusimamia kazi hizo, na vyuo kama USIU-Afrika na Daystar hutoa shahada ya uzamili ya saikolojia ya tiba. Hata hivyo, mtaalamu wa tiba amefunzwa kumwamini mgonjwa wake na kumtetea, ilhali mtaalamu wa mahakama hufanya kazi na mtu ambaye huenda ana sababu ya kuficha, ambaye hakumchagua, na ambaye lazima aambiwe tangu mwanzo kwamba atakayoyasema yatafika mbele ya jaji. Mtu mmoja hawezi kushika nafasi zote mbili kwa mshtakiwa mmoja bila kumdhulumu, na uzoefu wa nchi nyingine unaonyesha kwamba kosa hilo hurudiwa pale wataalamu wanapokuwa wachache, yaani katika miji kama Kitale na Bungoma hasa.

Ukanda huu hauanzi mikono mitupu. Chuo Kikuu cha Kibabii kiko Bungoma na kilipata hati yake ya kujitegemea mwaka 2015, Masinde Muliro kiko Kakamega jirani, na Eldoret kuna shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Moi pamoja na hospitali yake ya rufaa. Huko ndiko dodoso la sonona linalojulikana kama PHQ-9 lilikojaribiwa kwa wagonjwa wa magharibi mwa Kenya na matokeo kuchapishwa mwaka 2009, kazi ya lazima ambayo vipimo vya hatari ya kurudia kosa bado vinaingoja. Eneo la Kanduyi, Bungoma, lilikuwa pamoja na Moshi, Tanzania, sehemu ya jaribio lililochapishwa mwaka 2020, ambamo washauri wasio na shahada za saikolojia walifunzwa na kusimamiwa kwa karibu hadi wakaweza kuendesha tiba ya kiwewe kwa watoto waliofiwa na wazazi, na watoto 640 walishiriki. Lililobeba jaribio hilo lilikuwa usimamizi wa kila mara, na kitu hichohicho ndicho kinachokosekana mhitimu anapoachwa peke yake na cheti chake.

Kwa hiyo shahada inayofaa hapa ni ile ambayo nusu yake hufanyika nje ya darasa: katika gereza la Kitale, katika kliniki ya akili ya hospitali ya rufaa, katika ofisi ya probesheni, na katika vyumba vya mahakama ambako mwanafunzi hukaa siku nzima akisikiliza bila kusema neno, kisha huandika taarifa ambayo msimamizi wake huihoji kama wakili mkali angeihoji. Wanafunzi wa kwanza wako kazini tayari, kwa maana afisa wa probesheni wa Bungoma, afisa wa watoto wa Trans Nzoia na muuguzi wa akili wa Webuye wana miaka ya uzoefu ambayo mhitimu mpya kutoka Nairobi hana, na wanazijua lugha. Wanachohitaji ni waajiri wao kuwapa ruhusa yenye mshahara, na ratiba inayofuata mwenendo wa kazi yao: Mahakama Kuu huwa na likizo kuanzia mwanzoni mwa Agosti hadi katikati ya Septemba, na tena kuanzia siku chache kabla ya Krismasi hadi katikati ya Januari, na hizo ndizo wiki ambazo masomo ya ana kwa ana yanaweza kuanza Kibabii.